Nyonga mpya ya Baba: shajara ya safari kutoka kitandani hadi Kigoma

Siku ya 15

Tumeingia Tabora leo asubuhi kwa treni kutoka Dodoma, mimi, Baba na kigari chake cha kutembelea nilichokifunga kamba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Ndugu walitaka tupande basi tuwahi. Lakini kwenye basi Baba angekaa saa nyingi amekunja magoti, na daktari amekataza nyonga isikunjwe kupita pembe mraba. Ndani ya treni alilala chali, mto katikati ya mapaja, na kila stesheni aliitaja jina kabla hatujasimama. Amefanya kazi reli miaka 34. Hata gizani anajua tulipo kwa mlio wa magurudumu.

Nyonga iliyobadilishwa ni ya kulia. Gegedu lilikuwa limelika lote, mfupa unasaga mfupa, na miaka miwili ya mwisho alikuwa hawezi kuvaa soksi mwenyewe. Baada ya upasuaji tulikaa kwa Shangazi mpaka nyuzi zikatolewa siku ya 13.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa kazi: niandike kila siku hatua alizotembea, maumivu kuanzia 0 hadi 10, na dawa. Nimechora safu hizo tatu kwenye daftari, kisha nikaongeza ya nne kwa hiari yangu: kicheko. Nitaeleza sababu.

Siku ya 2, wodini, Baba alikataa kusimama. Kijana wa mazoezi alimbembeleza, muuguzi akambembeleza, mimi nikalia kimya kimya nyuma ya pazia. Mzee wa kitanda cha pili alikuwa anatusikiliza tu. Alipojua Baba alikuwa mtu wa reli akamwambia, "Mzee mwenzangu, treni yenu huchelewa miaka yote, hilo tumezoea. Lakini sijasikia hata siku moja imekataa kuondoka."

Baba alicheka. Kicheko chake huanzia mabegani, kinashuka tumboni, sauti inatoka mwisho. Nikaona mkono wake wa kushoto unatafuta kigari wenyewe, kisha wa kulia. Akasimama. Hatua nne. Tangu saa ile nikasema hili jambo la kucheka nalo liandikwe.

Siku ya 16

Leo ni kazi ya nyumba. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa ni mwiko: mpira wa nyonga unaweza kuchomoka kwenye kikombe chake kabla misuli haijakaza. Fundi seremala wa mtaa wa pili alikuja na futi yake, akampima Baba kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: sentimita 46. Kiti kimetengenezwa kwa mabaki ya mninga, kina tundu katikati, na kimeinuka sentimita 51 ili nyonga ikae juu kuliko goti. Amekipiga msasa mpaka ukingo wa tundu ni laini kama mwiko wa ugali uliozeeka jikoni. Sikumwomba afanye vile. Alisema mtu anayekalia kiti hiki hana haja ya maumivu mengine.

Vigoda vyote nimevitoa sebuleni. Mikeka imekunjwa isije ikamkwaza. Swala atasali akiwa kwenye kiti.

Hatua: 14. Maumivu: 6. Kicheko: hakuna.

Siku ya 17

Hatua: 7. Maumivu: 6. Kicheko: hakuna. Alisema tu amechoka, akageukia ukutani. Mtaalamu anataka atembee mara nne kwa siku, mwendo mfupi mfupi, maana mguu usiotembea damu yake inaweza kuganda. Nilimweleza Baba yote hayo kwa heshima na kwa urefu. Akasema, "Nimesikia, mwanangu." Hakuinuka.

Siku ya 18

Leo nimejifunza jambo, nalo limetoka kwa mtoto wa miaka sita.

Mjukuu wake wa kike aliingia chumbani bila hodi, akashika kiuno, akauliza, "Mume wangu, leo hutembei tena?" Baba akamjibu kwamba mume anaumwa. "Basi mimi naolewa na mwenye baiskeli."

Mabega yakaanza kutikisika. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema, "Leteni hicho kigari kabla sijaachika."

Mimi ni binti yake, simtanii. Kwetu mtoto hamtanii mzazi wake, na hata ningejaribu, maneno yangenikwama kooni. Nikimwona anakunja uso kwa maumivu, huruma inanijaa, naye akiiona huruma hiyo usoni kwangu anazidi kuumwa. Mjukuu hana mzigo huo. Mjukuu ni mtani wake tangu azaliwe, ana haki ya kumwambia lolote, na Baba ana haki ya kumjibu. Nimetambua kwamba kazi yangu mimi ni kufungua mlango, kuweka kiti cha mgeni na kuacha wenye haki yao waingie.

Mjukuu wa kiume, wa miaka tisa, akaongeza la kwake. Alimsikia babu yake akitaja stesheni tulipokuwa tunasimulia safari, akaja na wazo kwamba nyumba yetu iwe reli ya kwenda Kigoma. Baba alikaa kitandani akachambua njia kwa umakini, kana kwamba anapanga ratiba ya kweli. Kitanda ni Tabora. Mlango wa chumba ni Usoke, hatua 7. Meza ya sebuleni ni Urambo, hatua 19. Mlango mkubwa ni Kaliua, 31. Mwisho wa baraza ni Nguruka, 44. Pale pana vidato viwili vya kushukia uani: hilo ndilo daraja la Malagarasi. Mwembe ni Uvinza, 78. Geti ni Kazuramimba, 103. Na Kigoma yenyewe, mwisho wa reli, ni baraza ya jirani yetu Mzaramo ng'ambo ya barabara, hatua 168.

Kutoka Tabora hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 400. Baba alisema njia hiyo imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo kama wajenzi walitumia miaka miwili, yeye asiharakishwe.

Hatua: 31, mara mbili. Kaliua! Kijana amekata bendera ya kijani kwenye kitenge changu cha zamani. Nimemsamehe.

Siku ya 20

Jirani amekuja. Sisi ni Wanyamwezi, yeye ni Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa Tabora miaka mingi, na utani wa makabila haya ni wa tangu enzi za misafara ya pembe, wapagazi wa Kinyamwezi wanashuka pwani na kupita katika nchi yao. Alisimama mlangoni, hakutoa hata pole.

"Nimesikia mmemtia chuma."

"Tumemtia," Baba akajibu badala yangu.

"Cha kilo ngapi? Nataka nijue mapema. Siku wakikuzika nakuja usiku na jembe, nakifukua, nawapelekea wa vyuma chakavu."

"Utakibebaje? Mzaramo hajawahi kubeba mzigo. Waliobeba mpaka Bagamoyo ni sisi. Itabidi nifufuke nikubebee."

Baba alicheka mpaka akashika paja akisema linatikisika, nami nikaogopa. Nilimpigia simu mtaalamu. Akasema kicheko hakichomoi nyonga, mradi mgonjwa awe amekaa vizuri au ameshika kigari kwa mikono miwili. Nimeiandika kanuni hiyo kwa kalamu nyekundu ukutani, chini ya zile tatu za daktari: usikunje kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, usigeuzie kidole gumba cha mguu ndani.

Hatua: 44. Nguruka. Maumivu: 4.

Siku ya 23, usiku

Baba hakupata usingizi, nikakaa naye. Nilikuwa nimesoma historia ya upasuaji huu, nikamsimulia, na nimefurahi kwamba nilifanya hivyo.

Miaka ya 1940 kule Ufaransa ndugu wawili madaktari, akina Judet, walitengeneza kichwa cha mfupa wa paja cha plastiki ngumu. Mgonjwa mmoja aliyewekewa kifaa hicho alikutana baadaye na daktari Mwingereza, John Charnley. Nyonga yake ilikuwa inalia kama bawaba kavu kila akiinama mezani, na mkewe hakuvumilia kukaa naye chumba kimoja. Baba alicheka kwa kuziba mdomo na shuka asiamshe watoto. "Hakuna grisi," akasema. "Plastiki na mfupa bila grisi lazima vilie."

Nikamwambia hilo ndilo Charnley alilojiuliza: vitu viwili visuguane vipi bila kukwaruzana? Akatengeneza kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22, akakitilia kikombe cha Tefloni, kitu laini sana. Wagonjwa walifurahi, lakini baada ya miaka michache Tefloni ikalika, mabaki yake yakaharibu mifupa, ikabidi wapasuliwe tena. Aliumia sana moyoni. Ndipo mchuuzi mmoja akapita hospitalini Wrightington na plastiki nyingine, polithini nzito, iliyokuwa ikitumika kwenye gia za mashine za kufuma nguo. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, akaona ni kupoteza muda. Lakini fundi wake wa karakana, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya majaribio wakati bosi amesafiri. Ikasagwa siku kwa siku na ikalika kidogo mno. Mwishoni mwa 1962 wakaanza kuiweka ndani ya watu, na mpaka leo nyonga nyingi duniani zinafuata msingi huo.

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Huyo Craven alikuwa fundi tu?"

Fundi wa karakana.

"Na bosi alikuwa amesafiri."

Akatabasamu gizani, nikaona meno. Akasema karakanani kwao pia mambo mengi mazuri yalifanyika bosi akiwa amesafiri. Akalala kabla ya saa nane.

Siku ya 26

Hatua: 0. Maumivu: 3. Maumivu ni madogo na hatua hakuna, kwa hiyo sababu si nyonga.

Jana jioni mume wa mdogo wangu alikuja kumjulia hali mkwe wake. Ni kijana mwema, na ameona nyumba inacheka, akadhani mlango uko wazi kwa kila mtu. Akasema mbele ya wageni, "Baba, sasa umekuwa roboti nusu." Sebule ilinyamaza mpaka tukasikia maji yakichemka jikoni. Baba akasema ahsante kwa kuja, akaomba apelekwe kulala. Mkwe hamtanii mkwewe. Maneno yale yale kinywani mwa Mzaramo yangekuwa dawa. Kinywani mwake yalikuwa kofi.

Mdogo wangu amelia kwenye simu. Nimemwambia amlete mumewe Jumapili, na asije mikono mitupu.

Siku ya 28

Alikuja na jogoo mwekundu na kanzu mpya. Alipiga magoti, akasema kwa ufupi na kwa adabu, Baba akampa mkono. Baada ya hapo alikwenda uani akapasua kuni bila kutumwa, na alipoondoka Baba alisema anajua kushika shoka.

Hatua: 44. Jogoo ameliwa.

Siku ya 30

Hofu. Asubuhi shavu la mguu wa kulia limevimba, gumu, na lina joto. Dalili hii tuliandikiwa kwenye karatasi tulipotoka hospitali: isingojwe hata siku moja, kwa sababu damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi mapafuni. Tulimlaza kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Amepigwa altrasaundi. Damu haijaganda, ni uvimbe wa kawaida kwa sababu alikaa muda mrefu jana miguu ikining'inia. Anaendelea na vidonge vya kuzuia damu kuganda mpaka zitimie siku 35, na kila saa akiwa macho apige "breki": kukanyaga na kuachia kwa kifundo cha mguu, mara kumi.

Safu ya kicheko leo nimeiacha wazi. Si kila siku ina chake, na sitaki kumlazimisha mtu kucheka akiwa na hofu.

Siku ya 36

Mvua zimeanza kwa nguvu, na pamoja nazo tatizo ambalo sikulitegemea. Mzee mmoja wa heshima alipita kumsalimia, akamwonya kwamba chuma ndani ya mwili huita radi. Tabora hatuchezei radi. Kila mmoja wetu anamjua mtu au ng'ombe aliyepigwa. Baba kwa siku mbili amekataa kuvuka Kaliua kila wingu likitanda, na mwezi huu mawingu hayaondoki.

Mtaalamu alimweleza kwa simu kwamba radi hutafuta kilichoinuka na kilicho wazi, haiji kwa sababu ya kipande kidogo kilichozikwa ndani ya nyama. Baba akamshukuru. Hakutoka.

Jirani alisikia akavuka barabara na mwavuli. "Radi ya Unyamwezi ina njaa gani, hata iyaache mabati yote ya mtaa wa Ng'ambo na ule mnara wa simu, ije kutafuta kijichuma chako? Au unajiona wewe ndiye stesheni kuu?" Baba akajibu kwamba Mzaramo anajua radi ya kutumwa tu. Walirushiana maneno robo saa, na wakati wanarushiana maneno Baba alikuwa ameshafika Nguruka, mvua inanyesha mbele yake, wala hakutambua amesogea.

Siku ya 41

Malagarasi. Vidato viwili vimetuchukua siku tano. Kanuni ni kwamba wakati wa kupanda mguu mzima hutangulia, na wakati wa kushuka hutangulia mguu uliopasuliwa, magongo yakienda nao. Mjukuu anaimba, "Mzima apande, mgonjwa ashuke!" huku anapeperusha bendera. Juzi Baba alicheka katikati ya kidato, gongo likateleza, nikamdaka kwa mkanda. Hatukuanguka, lakini moyo wangu ulikimbia mpaka usiku. Nimekaa na kijana nikamweleza kwa upole: darajani stesheni masta hasemi mzaha, anainua bendera tu, mzaha unangoja Uvinza. Amekubali. Leo alisimama wima kabisa, midomo ameibana, macho yamemtoka kwa kujizuia. Baba alishuka salama.

Siku ya 45

Uvinza! Hatua 78. Chini ya mwembe tuliweka kiti cha sentimita 51 na kisahani cha maembe mabichi yaliyokatwa vipande. Baba alisema haiwezekani kufika Uvinza bila kula chumvi yake, basi mjukuu wa kike akakimbia jikoni, akaleta chumvi na pilipili. Walikaa pale saa nzima, yeye na mke wake mdogo, wanakunja nyuso kwa uchachu na kuchekana. Niliwaangalia kupitia dirishani nikiwa nachambua mchele. Miaka miwili mti ule aliutazama tu.

Maumivu: 2.

Siku ya 63

Ameacha magongo, sasa ana mkongojo mmoja. Anaushika mkono wa kushoto, ingawa nyonga ni ya kulia, ndivyo alivyofundishwa: uzito unagawanyika vizuri na misuli ya upande uliopasuliwa inapumzika. Kila mpita njia anamrekebisha, "Mzee, umekosea mkono." Anawajibu wote kwa subira. Ameshafika Kazuramimba mara kadhaa, lakini barabara ina pikipiki, tunangoja mtaalamu amwone.

Siku ya 84

Mtaalamu amempima juzi. Mguu unainuka pembeni bila kutetemeka, na anasimama kwa mguu wa kulia sekunde kumi. Ameruhusu barabara.

Tumetoka saa kumi alasiri. Kijana alitangulia barabarani na bendera, na bodaboda mbili zilisimama kweli. Mmoja wa madereva aliuliza treni ya wapi hii. "Kigoma!" Baba alijibu kwa sauti ya zamani, sauti niliyoisikia nilipokuwa mtoto nikimpelekea chakula karakanani.

Jirani alikuwa barazani anatungoja. Nilikuwa nimebeba mito kwa kuwa viti vyake ni vya chini. Nikakuta kiti kipya cha mninga. Alikwenda kwa fundi yule yule akaomba kipimo kile kile, sentimita 51, wala hakuniambia. Niligeuka nikafuta macho kwa upande wa kanga.

Yeye hakunipa nafasi ya kushukuru. Alimnyooshea Baba kiganja: "Nauli."

Baba aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, ile aliyoletewa na mkwewe, akatoa tiketi ya kadi ngumu ya miaka ile, Tabora hadi Kigoma, kingo zimechakaa. Sikujua kama bado anayo. Jirani aliishika mbali na macho, akaigeuza nyuma na mbele.

"Imekwisha muda. Kuna faini."

Mabega yalianza, kisha tumbo, kisha sauti, na safari hii hakuna aliyeshika paja.

Hatua: 168. Maumivu: 1. Kicheko: jirani, faini.

Chai ilipomiminwa mara ya pili, kijana alisimama getini kwetu ng'ambo, akapuliza filimbi na kuinua bendera: treni ya kurudi Tabora iko tayari. Baba alimtazama, akavuta kikombe karibu.

"Mwambie imechelewa kidogo," akasema. "Lakini itaondoka."